Mabeki Waliosubiri Sauti

Saa kumi na moja na dakika tisa za jioni, Jumamosi ya kwanza baada ya likizo, winga wa timu pinzani alipita katikati ya mabeki wetu bila kuguswa na mtu. Hakuwa na mbio za ajabu na hakumpiga yeyote chenga. Alipita kama anayekatiza uani kwa jirani, akamkuta golikipa wetu peke yake, akauweka mpira kwenye kona ya chini. Niliitazama saa kwa sababu nilidhani refa amepuliza filimbi na mimi sikuisikia. Refa hakuwa amepuliza. Mabeki wangu walikuwa wamesimama tu, mikono ikining'inia, kama watu waliosahau walichokuwa wanakwenda kufanya.

Siku ile tulishinda mabao manne kwa matatu. Wanafunzi waliingia uwanjani kuwabeba washambuliaji, na njia nzima ya kurudi chuoni walikuwa wakiimba. Mimi nilitembea nyuma yao. Mabao yote matatu tuliyofungwa yalikuwa ya namna moja, na katika nusu ya kwanza ya msimu hatukuwa tumefungwa hata bao moja la namna ile.

Mimi ni mtunza stoo wa chuo cha ufundi hapa Kilindoni. Natoa mbao, misumari, vyuma na waya, na jioni nahakikisha vifaa vimerudi. Darasani niliishia la saba. Umeme nimejifunza kwa vitabu, Kiingereza kwa redio na kamusi, na mpira kwa simu. Nilikuwa nikichukua mechi moja na kuitazama tena na tena, kila mara nikimfuata mchezaji mmoja tu tangu mwanzo hadi mwisho, hata pale alipokuwa mbali na mpira. Ukitazama hivyo unagundua kwamba beki mzuri muda mwingi anatembea na kutazama. Mwalimu wa michezo alipohamishwa, mkuu wa chuo aliniuliza kama ninaweza kushika timu kwa muda. Ule muda sasa ni miaka minne.

Nusu ya kwanza ya msimu huo ilikuwa nzuri kuliko ukocha wangu. Tulifungwa mabao mawili, na moja lilikuwa la penalti. Mabeki wote wanne walikuwa vijana wa Miburani waliokua pamoja. Kila likizo walikwenda dago, yaani kambi ya wavuvi, kwenye kisiwa kidogo kusini ya kile cha Juani, wakifanya kazi katika boti ya mtu mmoja ili wapate ada. Walikuja uwanjani na namna yao ya kuvuta wavu. Katika kuvuta wavu humtazami mwenzako. Unatazama maji, na mikono inakwenda kwa sauti ya mmoja wenu. Uwanjani sauti ilikuwa ya beki wa kati aliyevaa fulana namba tano. Haikuwa kelele. Ilikuwa neno moja, "Haya!", limekatwa fupi kama nyundo iliyopigwa mara moja. Akiita, wote wanne wanapanda kwa pamoja, na straika wa wenzetu anajikuta nyuma yao peke yake, kibendera cha kuotea kiko juu. Washambuliaji wa wilaya nzima walikichukia kile kibendera. Tulikuwa tunaongoza ligi, na kwa mara ya kwanza watu wa madukani walianza kuniamkia kwa jina la kocha.

Likizo ile walikwenda dago wanne, wakarudi watatu. Namba tano aliondoka kambini asubuhi peke yake, kwa mtumbwi, kwenda kuchota maji ya kunywa upande wa Juani. Siku ya tatu mtumbwi ulionekana ukielea, haukupinduka, na ndani yake yalikuwemo madumu manne yaliyojaa maji, vifuniko vimekazwa, yamefungwa kamba yasigongane. Yeye hakuwamo. Walitafuta wiki nzima. Hakuna kilichopatikana, na kwa kuwa hakuna kilichopatikana, mama yake hakukubali kukaa matanga. Nahodha wa boti alikuwa kaka yake huyo mama, mjomba wa kijana, na neno la dada yake ndilo alilolifuata. Kwa hiyo hakuna turubai lililofungwa wala khitima iliyosomwa. Watu walijifunza kutosema "alikuwa" na kutosema "yupo". Walisema "yule", wakaishia hapo.

Mama huyo ndiye aliyetufulia fulana za timu. Alianza mwaka uliotangulia, mwanawe alipozileta nyumbani kwa mara ya kwanza, na hakuacha. Kila Alhamisi mfuko ulirudi chuoni, fulana zimekunjwa na kupangwa kwa namba, na namba tano ilikuwemo. Hakuna aliyeivaa, lakini ilikuwa imefuliwa na kupigwa pasi kama nyingine. Mara ya kwanza nilidhani ni mazoea ya mikono. Wiki ya pili niliiweka kwenye benchi kwa sababu sikujua pa kuiweka, na wachezaji wa akiba wakajibana upande mmoja wakaiachia nafasi ya mtu mzima. Hakuna aliyewaambia.

Nafasi ya namba tano nilimpa kijana wa Rufiji aliyekuwa akisoma umeme. Wenzake walimwita Mrufiji, naye alilipenda jina hilo. Alikuwa mrefu, haogopi kupiga kichwa, na anausoma mpira kabla haujafika. Alikuwa beki mzuri. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu uwanjani lawama zote zilimwangukia yeye.

"Nyie mabeki mmepanga foleni ya zahanati?" muuza miwa alipiga kelele kutoka nyuma ya goli, katika mechi ya tatu baada ya likizo. "Mpeni namba yake akae, daktari atamwita!"

Watu walicheka. Upande wa wapinzani ukajibu: "Kwao mlango hauna komeo! Piteni jamani, piteni, viatu vueni nje!"

Tuliendelea kushinda, kwa sababu mbele tulikuwa na vijana wawili waliofunga kila wiki. Lakini tulishinda kwa kufukuzana. Nilijaribu nilichokijua. Kwanza niliwarudisha mabeki nyuma, karibu na goli, ili pasiwe na mstari wa kupandisha. Tukafungwa kwa mashuti ya mbali na kona. Kisha nikampa golikipa kazi ya kuita. Mazoezini, Jumanne na Jumatano, walimwitikia vizuri kabisa. Jumamosi aliita mpaka sauti ikakauka, nao wakawa kama hawamsikii. Nikambadilisha beki wa kulia kwa mchezaji wa akiba, tukafungwa zaidi. Nikamrudisha.

Mkuu wa chuo aliniita ofisini. Ni mama mtulivu wa Tanga aliyekuwa akifundisha hesabu.

"Kocha, mimi mpira siujui," alisema. "Lakini naona tunafunga manne, tunafungwa matatu. Siku tukifunga mawili?"

"Tutafungwa matatu, mkuu."

"Basi shughulikia hayo matatu. Watu wameshaanza kuchanga."

Bingwa wa wilaya angekwenda kucheza Kibaha. Chuo chetu hakijawahi kwenda. Walimu, wazazi na wenye maduka walikuwa wameanza kutoa nauli na posho ya vijana, na fedha alizishika yeye mwenyewe.

Nilimwomba mwalimu wa kompyuta apande juu ya mnara wa tangi la maji, aturekodi kwa simu. Alinirekodia mechi mbili. Nilizitazama stoo, mchana, kwa namna yangu ya mchezaji mmoja mmoja, na mwanzoni sikuona kitu. Kisha nikasimamisha picha kabla ya kila bao na kutazama nyuso tu.

Kabla ya kila bao, kwa muda wa kuvuta pumzi mara moja, mabeki watatu wa Miburani waligeuza shingo. Mpira ulikuwa upande wa kulia, na wao wote watatu wakatazama katikati, kushoto kidogo, mahali pasipokuwa na mtu. Mrufiji alikuwa hatua mbili kando ya mahali hapo. Katika mechi mbili nzima hakusimama hapo hata mara moja. Nilirudisha picha nyuma, nikatazama tena. Mlango wa stoo ulikuwa wazi, wanafunzi wanapita na mbao mabegani, jua linawaka, na mimi vinyweleo vya mikono vilinisimama.

Nilimuuliza Mrufiji kwa nini hasimami pale. Alijikuna kisogo.

"Kocha, nikisimama pale najiona nimelala kitanda cha mtu."

Beki wa kushoto nilimwita peke yake. Alikuwa mtani wa timu, kijana asiyepitwa na neno. Nikamwonyesha simu.

"Mnatazama nini hapa?"

"Wapi, kocha?"

"Hapa. Nyote watatu. Mpira uko huku, nyinyi shingo ziko kule."

Alicheka. "Duh! Kocha, umetuchungulia mpaka mishipa ya shingo."

"Mnatazama nini?"

Kicheko kilimwisha taratibu. Alichukua msumari mezani akaanza kuugeuza vidoleni.

"Hatutazami. Tunasubiri sauti."

"Ya nani?"

"Si unajua, kocha."

"Lakini Mrufiji anaita. Namsikia mpaka mimi niliye nje."

"Anaita, ndiyo. Hata mie namsikia. Ila ile si yake. Hajapewa."

Ndipo akanieleza jambo ambalo katika boti ya yule mjomba lilijulikana kwa wote, na ambalo kwa miezi yote ile hakuna aliyefikiri kunieleza, kwa kuwa hakuna aliyefikiri kwamba lina haja ya kuelezwa. Katika boti ile sauti ni ya mtu mmoja. Nahodha humkabidhi mbele ya wote. Mwenyewe akiugua au akiacha kazi, nahodha humkabidhi mwingine, tena mbele ya wote. Mtu akiita bila kukabidhiwa, wengine hawavuti. Hawamkatalii kwa ubishi. Mikono haiendi.

"Na nahodha hawezi kumpa mwingine sasa?"

"Ampe vipi? Kumpa mwingine ni kusema yule hayupo tena. Na mama yake hajasema." Akaurudisha msumari mezani. "Sisi mbona hili tunalijua zamani, kocha. Tulidhani na wewe unalijua, unatustahi tu."

Hapo nikawa na jibu la swali langu, na jibu lenyewe lilikuwa baya kuliko swali. Ili mabeki wangu wapande kwa pamoja, mama mmoja wa Miburani alipaswa kukubali kwamba mwanawe amekufa. Mechi ilikuwa imebaki moja. Tulihitaji sare.

Alhamisi ile sikusubiri mfuko uletwe. Nilikwenda mwenyewe kwa huyo mama baada ya alasiri. Alinizidi umri kidogo, nami nilizoea kumwita dada. Nilimkuta uani anageuza fulana kwenye kamba.

"Hodi dada. Shikamoo."

"Marahaba. Karibu, kocha. Fulana zako bado mbichi, mvua imezirudia."

"Sikufuata fulana."

"Najua." Aliniwekea kigoda, naye akaketi kwenye mkeka. "Kaka yangu kanambia utakuja. Kasema, kocha wa watu kakwama, atakuja. Haya, sema."

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Niliitazama mikono yake yenye povu lililokauka, nikayakosa.

"Sina la kusema, dada."

"Basi nitasema mie. Wataka nikae matanga. Nikikaa matanga, kaka yangu atampa mwingine sauti, na nyie mtapata kikombe chenu. Ndivyo?"

"Nilipotoka chuoni nilitaka hivyo. Nilipofika hapa mlangoni sikutaka tena."

Kuku walipita katikati yetu. Kisha akasema, bila hasira, kama mtu anayemweleza mwenzake hesabu aliyokwisha kuifanya mara nyingi:

"Madumu yalikuwa yamejaa. Vifuniko vimekazwa. Kamba imefungwa vizuri, haikulegea hata kidogo. Mtu anayezama hafungi kamba namna ile. Anafunga hivyo mtu anayejua anaondoka, anaacha chombo salama kwa mwenyewe. Kuna meli zinapita kule nje. Wapo waliochukuliwa na meli wakarudi baada ya miaka, nimewasikia. Mwanangu akirudi, akute fulana yake haifai, na sauti yake kapewa mtu, mie mama yake nimemlia nikamaliza? Nitamtazama kwa uso gani?"

"Hutafika hapo, dada. Hatutafanya hivyo."

"Mnataka nini mechi hiyo?"

"Sare."

"Mungu atawapa." Akainuka kuzigusa fulana, akaanza na ya tano. "Hii naifua hata kama haikuvaliwa. Hewa yetu ina chumvi, nguo ikikaa inaliwa."

Nilirudi chuoni nikawaambia mabeki kwamba tutacheza bila sauti. Beki wa kushoto aliniuliza watapandaje bila sauti. Nikasema hawapandi, kila mtu amkabe wake. Walikubali kwa vichwa.

Mechi ya mwisho uwanja ulijaa. Watu walikuja kutoka Kiegeani kwa bodaboda, watatu watatu. Mpaka mapumziko tulikuwa mbele, mawili kwa moja. Kipindi cha pili wakasawazisha kwa kona, na hilo sikuwalaumu. Ilikuwa sare, na sare ilitutosha. Mabeki walikuwa wakikaba kila mtu wake kwa jasho na heshima, na nilianza kuamini. Kisha kiungo wao alipata mpira karibu na duara la kati, akainua kichwa, na straika wao akaanza kukimbia kabla ya wakati. Angeotea kwa hatua mbili nzima, kama tu mabeki wangu wangepanda. Mrufiji aliona. "Haya!" aliita, akapanda. Alipanda peke yake. Niliziona shingo tatu zikigeuka. Mpira ulipita juu yao taratibu, kama uliorushwa kwa mkono, na kibendera hakikuinuka. Matatu kwa mawili.

Filimbi ya mwisho ilipopulizwa hakuna aliyetutania. Hata muuza miwa alikuwa anakusanya maganda yake kimya. Beki wa kushoto alikaa chini palepale alipokuwa amesimama. Nilikwenda kumwinua.

"Leo nimeisikia, kocha," alisema.

"Ya nani, ya Mrufiji?"

"Siyo. Ile yenyewe. Imechelewa tu. Nilipoisikia, mpira ulikuwa ushaingia."

Nilimshika mkono nikamwinua.

Jumatatu mkuu wa chuo alinionyesha bahasha ya mchango. Safari ya Kibaha haikuwepo tena, kwa hiyo zilikuwa fedha za watu. Kabla hajaanza kuzirudisha, mabeki watatu na Mrufiji waliomba kumwona. Aliyesema alikuwa beki wa kulia, kijana ambaye kwa kawaida hasemi maneno matatu kwa siku.

"Mkuu, tunaomba petroli. Tukamtafute tena, siku moja tu. Safari ile tulitafuta kwa makasia na mashine ya kuazima. Kuna mahali hatukufika."

Mkuu aliwapigia simu waliochanga, mmoja mmoja, mbele yetu. Mwenye duka la vipuri ndiye aliyechanga nyingi kuliko wote. Alisikika wazi kwenye simu: "Mwalimu, nilichanga vijana wasafiri. Waache wasafiri."

Tulikwenda Jumamosi: nahodha, vijana wanne, mimi, na mama wa namba tano. Nahodha hakutaka dada yake aje. Dada yake hakubishana naye. Alikuwa ameshaketi kwenye boti. Tulizunguka Juani kwa nje, tukaingia katika kila ghuba, tukasimama kwenye kambi mbili za wavuvi. Kila tulipofika, aliuliza yeye. "Kijana mrefu, ana kovu hapa," na kukigusa kidevu chake. Wavuvi walivua kofia wakasema hawakumwona.

Adhuhuri tulifika upande wa magofu ya Kua, ambako kuna kisima ambacho watu wa kambi huchota maji. Katika msako wa kwanza hakuna aliyeshuka hapo. Madumu yalikuwa yamejaa, kwa hiyo walijua amefika na ameondoka, wakaendelea kutafuta majini. Mama alisema anataka kushuka. Karibu na kisima tulimkuta mwanamke mzee akipalilia mihogo yake.

"Kijana mrefu," mama alianza, "ana kovu kidevuni. Alikuja na madumu manne."

"Namkumbuka," mwanamke alisema. "Si yule mwenye homa?"

"Homa?"

"Jua kama hili, yeye anatetemeka, meno yanagongana. Nikamwambia, mwanangu, lala hapa kivulini, maji hayakimbii. Akasema, wenzangu wana kiu, bibi. Basi. Vifuniko nilimkazia mie, mikono yake haikushika. Na zile kamba nilimfungia mie, yeye kaketi, kainamisha kichwa. Nikamsukumia na mtumbwi."

"Mbona hukusema?" nahodha aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepigwa.

"Nani kaniuliza? Mlipita na boti mkapiga makelele huko majini, mkaenda zenu. Mie nilijua mnatafuta nyavu." Akatutazama mmoja mmoja, jembe mkononi. "Kwani vipi? Hakupona?"

Vijana watatu waliokuwa na kiu siku ile walitazama chini. Mama alimshika yule mwanamke mkono, akauinamia.

"Ahsante kwa kumfungia," alisema.

Wakati wa kurudi nahodha alikata njia ya kati, penye mikoko, na kwa kuwa mawazo yake hayakuwa kwenye maji, tulipanda fungu la mchanga. Maji yalikuwa yanakupwa kwa kasi. Tukikaa pale, tungekaa mpaka usiku. Tulishuka sote wanaume, maji ya magoti, tukaishika boti pande zote mbili, nahodha akabaki kwenye mashine. Tulisukuma. Kila mmoja alisukuma kwa wakati wake, na boti haikusogea. Tukasukuma tena. Vijana wale wana nguvu kuliko mimi mara tatu, na niliwaona wakiweka mabega kwenye mbao, wakisubiri, nyuso zimegeuka upande uleule. Maji yalishuka chini ya magoti. Nahodha aliona, akainamia mashine. Nilitaka kuita mimi. Nilifungua mdomo, nikaufunga.

Mama alikuwa amekaa mbele, mgongo kwetu. Hakugeuka.

"Kaka," alisema, "mpe mtu sauti. Maji yanakwisha."

Nahodha alimtazama muda mrefu. Alisubiri aseme tena, au agutuke aseme sivyo. Dada yake alikuwa amejifunika kanga mpaka usoni, na mabega yake hayakutikisika. Kisha nahodha akatazama majini, macho yake yakawapita vijana wake watatu, yakasimama kwa yule wa nne.

"Wewe wa Rufiji. Chukua."

"Nichukue, mzee?" Mrufiji aliuliza, kana kwamba amepewa kitu kinachounguza.

"Chukua, baba. Watu wako majini."

Mrufiji aliweka bega kwenye mbao. "Haya!" aliita, na mabega yote yalikwenda kwa pamoja, hata langu. Boti ilitoa mlio chini, ikasogea. Akaita tena, na tena, na katika mwito wa nne ikaelea. Tulipanda tukiwa tumelowa, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Beki wa kushoto alikuwa analia bila kuficha, anakunja shati lake kulikamua maji.

Jioni ileile turubai lilifungwa Miburani. Ijumaa iliyofuata kijana alisaliwa sala ya ghaibu, ile ya maiti asiyekuwepo, na watu walikuwa wengi hata nje ya msikiti. Siku ya khitima mama alikaa ndani na wanawake. Mimi nilikuwa nje na wanaume, na sikumwona. Nilisikia tu, wakati wa kula, akiuliza kutoka dirishani kama vijana wa mpira wamepata chakula. Wakamjibu wamepata. Akasema waongezwe.

Mkuu wa chuo alikuwa ameagiza kwamba mchele, sukari na nazi zitoke kwenye bahasha ileile. Jumatatu nilimpelekea hesabu: petroli, mkate wa safarini, maji ya kunywa, na vitu vya khitima. Katika mchango wote wa safari ya Kibaha, tuliokoa shilingi elfu thelathini na saba na mia tano.